Shule ya Kijabe na Watoto wa Jirani

Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kipimo hicho twataka leo kuipima shule moja yenye sifa, Rift Valley Academy ya Kijabe, katika nchi ya Kenya. Wengine huisifu tu, wengine huilaumu tu. Sisi twaona haifai kuhukumu hivyo.

Kwanza tuseme lililo jema. Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1906 na Charles Hurlburt, Mmarekani, mkuu wa Africa Inland Mission, ambacho ni chama cha Waprotestanti. Ilikuwa kwa ajili ya watoto wa wamisionari. Bila shule ya karibu, mzazi alikuwa na mambo mawili tu: kumpeleka mtoto ng'ambo akae miaka mingi mbali na mama yake, au kuiacha kazi aliyoijia. Tarehe 4 Agosti 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hata mwezi wa Machi mwaka ule ule, aliweka jiwe la msingi la jumba liitwalo Kiambogo. Shule ingalipo, nayo ina wanafunzi wa mataifa mengi. Nani atamlaumu mzazi amtafutiaye mwanawe mwalimu?

Lakini jiwe la msingi halisemi habari yote. Watoto wa Wakikuyu waliokaa karibu na shule hiyo, je, wao walisoma wapi? Kweli, misheni ilikuwa na shule za vijijini, na wengi walijifunza humo kusoma na kuandika. Ila ngazi za juu zilikawia. Alliance High School, shule ya sekondari ya vijana Waafrika, ilifunguliwa na misheni za Kiprotestanti huko Kikuyu mwaka 1926, miaka 20 baada ya ile ya Kijabe. Tena serikali ya kikoloni iligawa shule kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika.

Huenda mtu akajibu kwamba wenyeji wa siku zile hawakuitamani elimu. Jibu hilo si la kweli. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 juu ya desturi ya tohara ya wasichana, Wakikuyu wengi walitengana na misheni, wakajijengea shule zao kwa fedha zao na mikono yao. Watu wasiotaka elimu hawajengi shule.

Basi, tusiwacheke Waprotestanti, wala Waingereza. Hapa kwetu Kisangani, ulipoitwa Stanleyville, Wazungu walikaa katikati ya mji, na Mangobo ulikuwa mtaa wa Waafrika. Watoto wa Wazungu walikuwa na shule zao. Ni katika miaka ya 1950 tu shule kadhaa za sekondari katika Kongo zilipoanza kuwachanganya. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianza mwaka 1954. Uhuru ulipofika, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliomaliza chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima. Hayo ndiyo matunda ya milango miwili.

Wala sisi wenyewe hatuna mikono safi. Miaka michache iliyopita, katika mafundisho ya katekisimu, tuliwaweka watoto wa wafanyabiashara kwenye mabenchi ya mbele, maana walikuwa na madaftari. Watoto wa waendesha toleka, wale wachukuao abiria kwa baiskeli, walikaa chini karibu na mlango. Hakuna aliyetuamuru kufanya hivyo. Mama mmoja alituuliza, “Mwalimu, kumbe Mungu naye ana watu wa mbele na watu wa mlangoni?” Hatukuwa na neno la kumjibu. Jumapili iliyofuata tuliyapanga mabenchi upya.

Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa bure, na madarasa yamejaa mno. Ndiyo sababu mwenye fedha humwondoa mwanawe na kumpeleka shule ya binafsi. Hatumlaumu, kama tusivyomlaumu mmisionari wa Kijabe. Kila mmoja alimpenda mtoto wake. Kosa huanza pale upendo huo unapoishia kwenye ua wa nyumba yake.

Basi, tukiisikia shule ikiitwa ya kimataifa, tusihesabu bendera tu. Tuulize mtoto wa mpishi wake na wa mlinzi wake wanasoma wapi, kwa maana nao ni watoto wa taifa. Na ninyi mnaofungua shule hapa mjini, wekeni nafasi za watoto wa jirani tangu siku ya kwanza, kabla ya kuagiza rangi ya kupaka kuta. Ndipo mwenyeji naye atakapopona.