Mstari Mmoja wa Karani wa Kanisa

Tarehe 9 Februari 1759, katika kanisa la Mtakatifu Margaret huko Westminster, London, karani aliandika kwenye rejista kwamba amebatizwa Gustavus Vassa, mtu mweusi, mzaliwa wa Carolina, umri wake miaka 12. Miaka 30 baadaye, mwaka 1789, mtu huyohuyo alichapa kitabu cha maisha yake kwa jina la Olaudah Equiano. Humo anasema alizaliwa Essaka, katika nchi ya Waigbo, sehemu ambayo leo ni Nigeria. Kwamba yeye na dada yake waliibwa wangali watoto, na kwamba alivushwa Atlantiki ndani ya merikebu ya watumwa. Hawezi kuwa amezaliwa mahali pote pawili.

Mjadala huu umewagawa wasomi kwa miaka mingi, na wengi huukimbilia ili wajue nani kashinda. Mimi huvutiwa zaidi na kazi yenyewe: ile subira ya kukaa na makaratasi ya watu waliokwisha kufa na kuyauliza swali moja baada ya jingine. Vincent Carretta, profesa wa fasihi nchini Marekani, hakuanza kwa kutafuta kosa. Alikuwa akiandaa toleo jipya la kitabu cha Equiano, lililotoka 1995, na kazi ya mhariri wa namna hiyo ni tanbihi. Kila nahodha anayetajwa sharti atafutwe. Kila merikebu, kila vita, kila bandari. Equiano anasema alikuwa na bwana wake Pascal kwenye manowari Namur wakati Waingereza walipouzingira mji wa Louisbourg mwaka 1758, basi mhariri anafungua nyaraka za jeshi la majini aone kama ndivyo. Na mara kwa mara ndivyo ilivyokuwa. Habari za baharini ambazo mzee huyu aliziandika kwa kumbukumbu, miongo mitatu baada ya kutukia, zilikubaliana na madaftari ya serikali kwa namna ya kustaajabisha. Ndiyo maana pale zilipokataa kukubaliana, hakuna aliyeweza kupita tu.

Daftari la pili ndilo linalonishangaza. Mwaka 1773 nahodha Constantine Phipps aliongoza msafara kuelekea Ncha ya Kaskazini, na Equiano anasimulia kwamba alikuwamo ndani ya merikebu Racehorse kama msaidizi wa daktari Charles Irving, aliyekuwa na ufundi wa kutoa chumvi katika maji ya bahari. Ukilifungua daftari la mabaharia wa Racehorse, hutamkuta Vassa wala Equiano. Utamkuta Gustavus Weston, umri miaka 28, mzaliwa wa South Carolina. Msomaji mwenye haraka angefunga daftari na kuondoka. Mwenye kuijua kazi anatambua kwamba karani wa merikebu aliandika alivyosikia, tena kwa watu waliopanga foleni. Anaona jina la kwanza si la kawaida kwa mabaharia. Kisha anapiga hesabu. Toa 28 katika 1773, unapata 1745, mwaka uleule ambao Equiano mwenyewe anautaja kuwa wa kuzaliwa kwake.

Hapo ndipo kupima kunapoanza. Kuona neno Carolina mara mbili hakutoshi; lazima ujiulize ni nani aliyelitamka. Kanisani alikuwapo mtoto mtumwa, akisimamiwa na jamaa za bwana wake, na huenda wakubwa ndio waliomjibia karani. Ushahidi huo unaweza kuwekwa kando kidogo. Lakini kwenye Racehorse alikuwa mtu mzima, huru tangu 1766 alipojikomboa kwa pauni 40. Sioni ni nani angemlazimisha kuitaja Carolina. Kwangu mimi daftari la merikebu lina uzito kuliko la kanisa, na kila nikilifikiria linanisumbua upya.

Upande wa pili nao una mafundi wake. Catherine Acholonu, msomi wa Nigeria, alikwenda Isseke, katika nchi ya Waigbo, akakaa na wazee akiwauliza nasaba na mila, na mwaka 1989 akachapisha hoja kwamba Essaka ni hapohapo. Baadhi ya hesabu zake za vizazi zimekosolewa, na kwa haki. Hata hivyo alisikia jambo ambalo rejista haina masikio ya kulisikia. Equiano anaeleza chale za heshima zilizochanjwa kwenye paji la uso la baba yake, akizipa jina “embrenche”, na anayewajua Waigbo anaitambua hapo mara moja desturi ya ichi. Paul Lovejoy, mwanahistoria wa biashara ya watumwa, aliishika hoja hiyo mwaka 2006 na kuongeza nyingine. Magazeti ya London yalipodai mwaka 1792 kwamba Equiano alizaliwa Santa Cruz, kisiwa cha Wadenishi, yeye alijibu kwa kuwataja watu waliomfahamu alipofika Uingereza mara ya kwanza, akiwa hajui lugha yoyote ila ya Afrika. Mashahidi hao walikuwa hai, na yeyote angeweza kuwaendea.

Carretta naye, baada ya kupekua kote huko, hakusema kesi imekwisha. Alisema nyaraka zinaleta shaka, zinaonyesha kwamba huenda utoto wa Afrika ulibuniwa, akaishia hapo. Tena ni yeye aliyebaini kwamba Industrious Bee, merikebu iliyomleta mtoto huyo Uingereza, ilifika Desemba 1754, zaidi ya miaka miwili kabla ya wakati unaotajwa kitabuni. Tarehe hiyo sasa inatumiwa na pande zote mbili. Anayeshuku anasema kama Equiano alizaliwa 1745, basi aliibwa akiwa mdogo mno kuyakumbuka yote anayoyasimulia. Anayeamini anasema mtoto hupotewa na hesabu ya miaka, kwa hiyo unaosogezwa nyuma ni mwaka wa kuzaliwa, na Lovejoy anauweka 1742.