Mario Simuni: Bei Inapogeuka Sehemu ya Fani

Katika somo la uhakiki tumezoea kuigawa kazi ya sanaa katika fani na maudhui. Mgawanyo huo waweza kutufaa pia katika michezo ya video, ambayo wanafunzi wengi wanaijua kuliko riwaya za silabasi. Makala hii inahakiki hatua ya kampuni ya Nintendo ya Japani kuingia katika michezo ya simu. Inadai kwamba huko kuna kipengele kingine ambacho mhakiki hana budi kukitazama, nacho ni namna mchezaji anavyolipishwa.

Nintendo ilianzishwa Kyoto mwaka 1889 ikitengeneza karata. Ilipogeukia michezo ya video, ilijulikana kwa kuuza mashine zake pamoja na michezo yake, na kwa miaka mingi ilikataa kuwapeleka wahusika wake kwenye simu. Machi 2015 msimamo ulibadilika: rais wa kampuni, Satoru Iwata, alitangaza ushirikiano na kampuni ya DeNA. Iwata alifariki Julai mwaka huo huo, kabla ya kuona matunda ya uamuzi wake.

Tuanze na Super Mario Run wa Desemba 2016. Kifani, mchezo huu umebuniwa kwa ustadi. Mario anakimbia mwenyewe. Kazi ya mchezaji ni kugusa skrini kwa kidole kimoja ili aruke. Wabunifu hawakulazimisha vitufe vya zamani viingie katika chombo kipya. Hatua za mwanzo zilikuwa bure, na mchezo mzima ulifunguliwa kwa dola 9.99, basi. Wengi waliupakua, wachache wakalipa, na malalamiko juu ya bei yakawa mengi. Kasoro yake halisi ni nyingine: ulidai intaneti hata pale mtu alipocheza peke yake.

Fire Emblem Heroes wa Februari 2017 ulishika njia nyingine. Kuupakua ni bure, lakini mashujaa hupatikana kwa bahati nasibu: mchezaji hutumia tufe za rangi, ambazo huweza kununuliwa kwa fedha halisi, bila kujua atampata nani. Mchezo huu uliiletea Nintendo fedha nyingi kuliko mingine yake ya simu. Agosti 2019 uliondolewa Ubelgiji kwa sababu ya sheria za kamari za huko.

Tutazame athari yake katika usawiri wa wahusika. Shujaa ambaye katika michezo ya awali tulimjua kwa safari na majonzi yake, sasa anajulikana kwa ugumu wa kumpata. Hutolewa tena na tena katika mavazi mapya, ya harusi au ya ufukweni, ili atafutwe upya. Ni kama mtambaji anayekatiza ngano shujaa anapofika njia panda, akapitisha kofia, kisha akasema: toeni, labda atapona.

Lipo jambo zito zaidi kwetu tunaofundisha fasihi, nalo ni uhai wa matini. Super Mario Bros. wa 1985 bado unachezeka katika kaseti yake. Dragalia Lost, uliotoka mwaka 2018, ulizimwa Novemba 2022. Dr. Mario World ulianza Julai 2019 ukafungwa Novemba 2021. Seva zikishazimwa, hakuna nakala ya kumpa mwanafunzi aichambue. Ngano hupotea mtambaji anapofariki bila mrithi. Hapa kazi hufa watunzi wake wangali hai.

Huenda msomaji akasema kwamba mchezo wa bure humfungulia mlango asiye na fedha. Ni kweli, na hoja hiyo haipuuzwi. Hata hivyo, Animal Crossing: Pocket Camp umeonyesha njia ya kati: huduma yake ya mtandaoni ilifungwa Novemba 2024, na Desemba likatolewa toleo la kulipia mara moja. Kilichoharibu michezo mingine, basi, si simu.

Kwa maoni yetu, Super Mario Run, uliolaumiwa kwa bei yake, ndio uliokamilika zaidi kisanaa kati ya michezo hii. Mwanafunzi anayetaka kuandikia tasnifu mchezo wa simu na aanze kwa maswali mawili: mchezaji analipa wakati gani wa hadithi, na je, nakala itabaki?