Hodi ya Mwandishi: Uhakiki wa Barua ya Kupeleka Mswada

Wahakiki wetu wamezoea kupima riwaya, tamthilia na ushairi. Ni nadra kumwona mhakiki akishika barua. Hata hivyo, kuna barua moja ambayo hutangulia kitabu, na ambayo ikishindwa, kitabu chenyewe hakisomwi. Nayo ni ile ambayo mwandishi humpelekea mchapishaji, au wakala wa waandishi, kumwomba auangalie mswada wake. Tumeona vema kuihakiki barua hiyo kama utungo kamili, kwa sababu ambazo msomaji ataziona punde.

Mwalimu mwenzetu mmoja wa hapa Kigali aliandika riwaya kwa Kiswahili, akaimaliza baada ya miaka minne ya kuandika usiku. Alipotaka kuipeleka kwa mchapishaji alituletea barua yake tuisahihishe. Tuliisahihisha kama walimu wasahihishavyo: tukarekebisha upatanisho wa ngeli, tukaondoa makosa ya tahajia, tukairudisha ikiwa safi. Baada ya miezi saba jibu lilikuja, mistari miwili tu: haikueleweka kitabu kinahusu nini. Mwenzetu aliufungia mswada sandukuni, akasema hataandika tena. Tulipoisoma barua ile upya tuliona kwamba kosa lilikuwa letu kuliko lake. Tulisahihisha lugha, tukauacha utungo.

Tuitazame basi. Ilikuwa na kurasa tatu. Ilianza kwa maneno ya ofisini, "Husika na kichwa cha habari hapo juu", yakafuatwa na mtindo tuliourithi katika barua za Kifaransa, "Nina heshima kubwa ya kukuandikia". Ukurasa wa kwanza ulikwisha kwa salamu na unyenyekevu. Wa pili ulieleza shule alizosoma na vyeti alivyopata. Wa tatu ulisema kwamba riwaya "inaelimisha, inaburudisha na kuionya jamii". Sentensi hiyo yaweza kubandikwa juu ya kitabu chochote kilichopata kuandikwa. Jina la mhusika mkuu halimo. Tatizo lake halimo. Hata urefu wa mswada haukutajwa.

Wako watakaosema kwamba adabu zetu ndizo zinazotuzuia: mtu hajisifu, wala haingii nyumbani mwa watu bila kubisha hodi. Twakubali. Lakini hodi ni fupi, na mwenyeji akiuliza "Nani?", mgeni hutaja jina lake na haja yake. Tena, watunzi wetu wa zamani hawakuwa na shida hii. Mtunzi wa utenzi, akiisha kumtaja Mungu katika dibaji, hueleza kisa anachotaka kusimulia. Na mwishoni mara nyingi hutaja jina lake, na pengine mji wake, tarehe na idadi ya beti. Haya ndiyo yale yale anayoyataka mchapishaji wa leo: kisa, urefu na mtunzi. Anayedhani kwamba barua ya namna hii ni desturi ya kigeni isiyotufaa, hajazisoma tenzi kwa makini.

Tulipokaa na mwenzetu mara ya pili, tulimwuliza: Ni nani aliyemo katika riwaya yako, anataka nini, na nini kinamzuia? Alijibu bila kusita, na jibu lake tukaliandika kama alivyolisema: "Mjane mshona nguo wa Biryogo anagundua kwamba shemeji yake ameiuza nyumba anamoishi kwa hati ya kughushi, na shahidi pekee ni mwanawe, ambaye hawajasemezana kwa miaka kumi." Sentensi hii haijisifu hata kidogo, lakini anayeisoma hutaka kujua yaliyofuata. Barua mpya ni ya ukurasa mmoja: jina la kitabu na aina yake, idadi ya maneno, aya moja ya kisa, mistari miwili juu ya mwandishi, shukrani na sahihi.

Je, barua hiyo ipelekwe kwa nani? Mawakala wa waandishi walianza London katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na A. P. Watt huhesabiwa kuwa wa kwanza. Wakala humtafutia mwandishi mchapishaji, hupatana mkataba kwa niaba yake, na hulipwa sehemu ya mapato, kwa kawaida asilimia 15, baada ya kitabu kuuzwa. Anayedai ada kabla ya kuusoma mswada aepukwe. Lakini kazi ya mawakala hao hutegemea zaidi soko la Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Mwandishi wa Kiswahili aghalabu hubisha hodi moja kwa moja kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, au hupeleka mswada mashindanoni, kama katika Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa mwaka 2014, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell.

Na msaada wa kuandika barua yenyewe hupatikana wapi? Mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child ausome. Achebe aliufikisha kwa Heinemann, na kitabu kilitoka mwaka 1964. Hapakuhitajika wakala; palihitajika msomaji mmoja aliyekwisha kuipita njia ile na aliyekubali kusoma. Si kila mwandishi atakayekutana na Achebe. Lakini karibu kila mwandishi wa Kiswahili nchini Rwanda amepita mikononi mwa mwalimu wa Kiswahili, na hapo ndipo wajibu unapotuangukia.

Hatusemi kwamba barua nzuri hugeuza kitabu kibaya kuwa kizuri. Twasema tu kwamba barua mbaya huweza kukizika kitabu kizuri, na kwamba sisi tunaofundisha barua ya kuomba kazi na barua ya kuomba ruhusa hatujaifundisha hii. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Lugha rasmi isiyo na waandishi wa nchi yenyewe itabaki kuwa lugha ya matangazo na mitihani.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu: mtu akikuletea barua ya namna hii, usianze na kalamu nyekundu. Mwulize kwanza kisa chake, umsikilize mpaka mwisho, kisha umwambie aandike alichokisema.

Barua mpya ya mwenzetu imekwisha kupelekwa. Jibu bado halijaja. Mswada umetoka sandukuni, naye ameanza sura ya kwanza ya kitabu kingine.