Mkwaju na Binti wa Njiani: Uhakiki wa Mchezo wa Redio "Twende na Wakati" kwa Jicho la Diakonia

Ni kazi chache za sanaa zilizowafundisha Watanzania juu ya UKIMWI kwa kiasi cha mchezo wa redio "Twende na Wakati", ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa juma. Wataalamu wa mawasiliano wameupima mchezo huo kwa takwimu. Sisi tumekusudia kuusoma kama isomwavyo hadithi yoyote, zile za Maandiko zikiwamo, kwa kuuliza: msimulizi anamfuata nani mpaka nyumbani kwake, na anamwacha nani njiani? Swali hili si la kifasihi tu. Kwa wanaotumika Shinyanga na katika machimbo ya dhahabu ya Geita, jibu lake ndilo linaloamua mkono wa msaada wa jamii utafika wapi.

Mchezo huu ulifuata utaratibu wa Miguel Sabido wa Mexico, ambao huwagawa wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wa katikati ambao hubadilika hatua kwa hatua. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi wengi katika vituo vya safari zake, ni wa kuepukwa. Mwisho wake ni kuugua UKIMWI. Tunu, mkewe, ni wa katikati. Mwanzoni hunyenyekea kwa kila jambo, kisha hujipatia ujasiri, huanzisha biashara yake ndogo, na kutengana na mumewe.

Hatuna budi kuutendea mchezo huu haki. Eneo lililopata matangazo kutoka Dodoma liliachwa bila mchezo huu tangu 1993 hadi 1995 ili lilinganishwe na maeneo mengine, na watafiti waliona kwamba wasikilizaji wengi walieleza kupunguza idadi ya wapenzi na kuanza kutumia kondomu. Aidha, wakati ambapo mke aliyeonewa alizoea kuambiwa avumilie, redio ya taifa ilithubutu kumwonyesha mke asiyevumilia mauti. Hilo lilikuwa tendo la huruma, na halipasi kudharauliwa.

Hata hivyo, tuutazame uzi wa Mkwaju, ambao ndio uliobeba fundisho kuu la mchezo juu ya UKIMWI. Wale wapenzi wa vituoni ni akina nani? Katika mgawanyo wa makundi matatu hawana nafasi. Hawaigwi, hawabadiliki, wala uovu wenyewe si wao. Wao ni mahali ambapo uovu wa Mkwaju hutendeka. Tunamfuata Tunu mpaka kwenye biashara yake. Tunamfuata Mkwaju mpaka kitandani pa ugonjwa. Binti wa njiani hatumfuati popote, ingawa virusi vilivyomfikia Mkwaju vilimfikia yeye kwanza, na kabla yake vilitoka kwa mwanamume mwingine.

Sasa tuilete hadithi hii katika nchi tunayoizungumzia. Isaka, wilayani Kahama, ndipo reli itokayo Dar es Salaam inapokabidhi mizigo kwa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kusini mwa Ziwa kuna migodi mikubwa kama Geita, uliofunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, pamoja na maduara ya wachimbaji wadogo yasiyohesabika. Uchunguzi uliofanyika katika jamii zinazouzunguka mgodi wa Geita, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba maambukizi kwa wanawake wanaofanya kazi katika baa, hoteli na nyumba za wageni yalikuwa juu mara kadhaa kuliko kwa wachimbaji walioajiriwa mgodini. Mwenye mshahara na zahanati ya kampuni alikuwa salama zaidi kuliko yule anayempelekea chakula na kinywaji.

Njia iliyomfikisha binti huyo pale inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba Shinyanga iliongoza nchini kwa ndoa za mapema: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo mwaka 2019. Basi binti huachishwa masomo, ng'ombe hupokelewa, ndoa huvunjika, naye harudi kwao kwa sababu mahari imekwisha kutumika. Hupanda gari kwenda Kahama, Kakola au Katoro. Mchezo unaoanza na Mkwaju akishuka kwenye lori umeanza katikati ya habari.

Athari ya usimulizi wa namna hii katika diakonia ni kubwa. Msaada humfuata mtu ambaye hadithi imekwisha kumtambulisha. Yatima na mjane wanatambulikana, na Maandiko yanawataja pamoja. Ndiyo maana watu wa Geita walipata kituo cha kulelea yatima cha Moyo wa Huruma. Lakini binti wa miaka 19 mwenye mtoto mgongoni, asiyefiwa na mume wala si mtoto tena, anaandikwa katika daftari gani la usharika? Mpango wa DREAMS, ulioanza mwaka 2015 kwa fedha za Marekani na kufika Kahama, ulikuwa na daftari la wasichana kama yeye. Mwezi Januari 2025 misaada ya Marekani ilisimamishwa kwa amri moja, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika la USAID halikuwapo tena. Daftari lililoandikwa mbali linaweza kufungwa mbali.

Maandiko yanasimulia kwa namna nyingine. Katika Mwanzo 38 yuko mwanamke aliyeketi njiani, na msafiri aliyemkuta hapo. Lakini msimulizi haanzii njiani. Anatuonyesha kwanza jinsi Yuda alivyomnyima Tamari haki yake ya kutunzwa, akamrudisha kwa baba yake kwa ahadi asiyokusudia kuitimiza. Ndipo tunapofika barabara ya Timna. Na Tamari anapotolewa ili achomwe, anazo pete ya muhuri, kamba na fimbo ya yule msafiri, na Yuda analazimika kukiri kwamba haki iko kwa mwanamke. Mathayo akamwandika katika ukoo wa Bwana. Neno mkwaju, pamoja na kuwa jina la mti, lina maana ya fimbo. Katika mchezo wetu hakuna mwanamke wa njiani aliyepewa nafasi ya kuionyesha fimbo hiyo mbele ya wazee.

Kutokana na usomaji huu tunapendekeza jambo moja la kutendwa. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig, kwa kuungwa mkono na Luther, uliweka sanduku la pamoja lenye wasimamizi kumi waliochaguliwa kila mwaka miongoni mwa makabaila, wajumbe wa halmashauri ya mji, wenyeji wa mji na wakulima. Hesabu zilisomwa mbele ya watu wote. Miongoni mwa waliotajwa kustahili walikuwamo wasichana maskini waliohitaji msaada wa kuanza maisha. Hawakuulizwa kwanza kama ni yatima wa kifo gani. Sharika za Kahama na Geita zinazijua hisa na mikopo ya vikundi. Wakulima, wachimbaji, mama lishe na watumishi wa serikali huketi katika ibada moja. Sanduku la namna hiyo haliwezi kuchukua nafasi ya dawa za serikali. Laweza kulipa nauli ya kwenda kliniki, mtaji wa jiko la chakula, au ada ya kurudi chuo cha ufundi.

Jambo la mwisho ni mwisho wenyewe wa hadithi. Mwaka 1993 Mkwaju hakuweza kuwa na mwisho mwingine. Tangu Oktoba 2004 dawa za kufubaza virusi zimetolewa bure nchini, na anayezitumia vema mpaka virusi visionekane katika vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mhubiri anayemalizia mfano wake kwa kaburi anawanyima wasikilizaji wake habari ambayo kila mhudumu wa kliniki anaijua. Wanafunzi wetu wanaojiandaa kwa utumishi, watakapotunga mahubiri na michezo ya vijana kwa ajili ya Siku ya UKIMWI Duniani, na wampe binti wa njiani jina, kijiji alichotoka, na mtu wa kumpokea.