Jinsi Umri wa Kijana wa Nariokotome Ulivyosomwa Menoni

Juzi mpwa wangu aliniletea jino lake la mbele kiganjani, dogo kama punje ya mahindi. Hapa kwetu Landless, Thika, jino la namna hiyo hurushwa juu ya mabati. Nililiomba kwanza nilitazame. Upande wa ufizi halikuwa na mzizi. Mwili wenyewe huula mzizi wakati jino la ukubwani linapopanda kutoka chini.

Jino huonyesha umri, lakini zamani watu walitazama kimo: mtoto akitaka kuanza shule aliambiwa avushe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akifika, amekua. Lakini wapo watoto warefu kuliko umri wao.

Urefu uliwatatanisha pia waliochunguza mifupa ya kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale wa magharibi mwa Ziwa Turkana, aliyegunduliwa na mtafuta visukuku Kamoya Kimeu mwaka 1984. Aliishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, na kimo chake kilikaribia mita 1.6. Kwa kipimo cha watu wa leo, mifupa ilimpa miaka 13 hivi.

Kinywa kilisema vingine. Mtu mzima ana meno 32: 8 ya mbele ya kukatia, chonge 4, magego madogo 8 na makubwa 12 ya kusaga. Hayaji kwa pamoja, na zamu yao ndiyo saa. Gego kubwa la pili, ambalo kwa watu wa leo hutoka karibu na miaka 12, kijana huyo alikuwa nalo. La tatu bado. Juu, chonge ya utotoni ilikuwa haijang'oka. Jedwali la umri wa kutoka kwa meno likasema miaka 11.

Ila jedwali hilo ni la watoto wa leo. Watafiti Christopher Dean na Holly Smith wakageukia enameli, ganda gumu la nje. Seli zinazoijenga huacha alama kila siku, na mstari mzito zaidi kila baada ya siku kadhaa, mithili ya pete za mti. Kwa hesabu ya mistari, kijana alikufa na miaka 8 hivi. Naiamini zaidi hesabu hii, kwa kuwa inatoka katika jino lake mwenyewe.

Jino likishatoka, seli hizo huwa zimekufa. Enameli iliyooza hairudi. Kwa hiyo nilimmulika mpwa wangu kinywani kwa tochi ya simu. Nyuma kabisa gego kubwa la kwanza limeshachomoza, na hakuna jino lililong'oka kulipisha. Dada yangu alidhani ni la utotoni. Sasa dada analipiga mswaki mwenyewe kila usiku.