Jiwe Bichi la Kizimkazi

Huku Upanga, Dar es Salaam, ukitaka maua ya darini unamwita fundi jipsam. Anakoroga uji, anaumimina kwenye kalibu, ukiganda anabandika. Ua likimponyoka likavunjika, anamimina jingine.

Aliyechonga mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, hakuwa na nafasi hiyo. Maandishi ya mihrabu hiyo, ya Kiarabu kwa mtindo wa Kikufi, yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na yanamtaja Sheikh Abu Imran kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi. Jengo la leo, sehemu kubwa, ni la karne ya 18. Mihrabu imebaki kama kipande cha msikiti wa kwanza.

Tuanze na jiwe, ambalo ni tumbawe. Matumbawe yaliyotoka majini sasa hivi hukatika karibu kama muhogo. Yakipigwa na hewa hukakamaa. Kwa hiyo mchongaji hushindana na jua: vipimo na mistari viwe tayari kabla patasi haijagusa kitu.

Halafu herufi zenyewe zimeinuka. Kilichochimbwa ni uwanja unaozizunguka, na patasi ikikata shingo ya alifu, basi tena. Mikia ya herufi inachipua majani. Ni pambo, sawa, lakini yatazame vizuri: yanajaza nafasi juu ya herufi fupi, mstari usionekane kama kinywa chenye mapengo.

Kwa nini kuinua na si kuzamisha? Wachongaji wa Misri ya mafarao walilijua jibu. Kwenye kuta za nje, penye jua kali, walizamisha picha ndani ya jiwe ili ukingo utoe kivuli chake. Ndani ya mahekalu, penye mwanga hafifu, mara nyingi waliinua. Mihrabu nayo iko ndani. Kwa Unguja Makka iko kaskazini, hivyo mwanga wa asubuhi na wa jioni ukipenya milango ya ubavuni huuparuza ukuta wa kibla kwa mshazari, na kila jani linapata kivuli.

Wapo wataalamu walioona hapa mkono wa Siraf, Uajemi. Mtindo, nakubali. Mchoro ungeweza kuja kwa jahazi la kaskazi. Jiwe bichi lisingefika likiwa bichi, na ndiyo maana mimi namweka aliyeshika patasi hapa hapa pwani, miguu ikiwa bado na chumvi.