Mwenye Kilemba Katika Picha ya Raphael

Ndugu msomaji, usistaajabu kumwona mwalimu wa chuo akizungumza habari za picha za ukutani. Hukumu ya kuchora vyenye roho unaijua, wala sikuja kuihalalisha. Lakini ndani ya picha moja mashuhuri ya Wazungu yumo mtu wetu, na mtoto wako anaweza kuitazama asimjue.

Picha hiyo iko Vatican, katika chumba cha Papa Julius wa Pili. Raphael aliichora baina ya mwaka 1509 na 1511, nayo huitwa Shule ya Athens. Katikati wamesimama Plato na Aristotle. Plato ameelekeza kidole juu, kuwa ukweli wa mambo uko katika ulimwengu usioonekana. Aristotle amekunjua kiganja kuelekea chini, kuwa ilimu huanzia kwa haya tuyaonayo. Ukuta wa pili unaoelekeana nao una wanazuoni wa dini ya Kikristo. Maana yake ni kuwa akili na dini zikae chumba kimoja, zitazamane, zisigombane. Fikra njema hiyo, lakini waliisoma kwa nani?

Tazama chini, upande wa kushoto. Mtu wa kilemba ameinama, mkono kifuani, anachungulia kitabu anachoandika Pythagoras. Mchoraji hakuandika jina. Wajuzi wengi husema ni Ibn Rushd, aliyezaliwa Cordoba 1126 na kufa Marrakesh 1198. Ni kadhi, na ni mwenye Bidayat al-Mujtahid isomwayo na wanafunzi wa fiqhi hata leo. Yeye alikwisha kutoa hoja kuwa sharia na hikima hazipingani, na sharhi zake ndizo zilizowafundisha Walatini kumsoma Aristotle, hata wakamwita Mfafanuzi tu, bila ya jina. Mbona basi achungulie kama mwanafunzi aliyechelewa darasa?

Hata hivyo Raphael kafanya uungwana. Huko Florence, katika kanisa la Santa Maria Novella, Andrea di Bonaiuto katika miaka ya 1360 alimketisha chini ya Thomas Aquinas pamoja na waliohesabiwa wazushi, na huyo Thomas alizisoma sharhi zake. Raphael alimwinua. Kitabu mkononi hakumpa.

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Mwaka 1195 ni Khalifa wa Kiislamu, al-Mansur wa Muwahhidun, aliyemhamishia Lucena na kuamrisha vitabu vyake vya falsafa vichomwe moto. Sharhi yake kubwa ya kitabu cha Nafsi haikutufikia kamili kwa Kiarabu. Kijana wetu anayetaka kuisoma yote hana budi aipate kwa Kilatini, au kwa tafsiri iliyotolewa katika Kilatini hicho.